Bunduki Chini ya Mto

Siwalaumu wanaonunua bunduki kwa hofu. Aliyewahi kusikia kitasa kikitikiswa saa nane usiku anajua moyo unavyomwenda mbio. Ninachopinga ni yale ambayo hofu hiyo humwaminisha mtu.

Dhana: Hatari iko nje ya mlango.

Nchini Marekani, mwaka 2023, asilimia 72 ya wenye bunduki walitaja kujilinda kuwa sababu kubwa ya kuwa nayo. Lakini kati ya watu 48,830 waliokufa kwa risasi huko mwaka 2021, zaidi ya nusu walijiua. Hakuna jambazi aliyeingia. Na watafiti waliofuatilia watu wazima wa California waligundua kwamba wanaoishi na mwenye bastola huuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale ambao nyumbani kwao hakuna silaha.

Dhana: Aliyeamua kujiua atatafuta njia nyingine tu.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana imewafanya wengi wakate tamaa mapema. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda ghafla, kisha hushuka. Bunduki haimpi mtu nafasi ya kulisubiri lishuke. Mwaka 2006 jeshi la Israeli liliagiza askari wanaokwenda nyumbani wikiendi waache bunduki kambini. Kujiua kukapungua kwa takriban asilimia 40, na siku za kati ya wiki hakukuongezeka. Vijana walikuwa wale wale na shida zao zile zile. Bunduki tu ndiyo haikuwa karibu.

Dhana: Ikikaa tayari, na risasi ndani, niko salama zaidi.

Mwenye hofu haifungii bunduki yake, kwa sababu anaogopa ufunguo utamchelewesha. Basi inalala kwenye droo ya kando ya kitanda, kimo kile kile cha mkono wa mtoto. Tena aliyeshtuka haoni sawasawa. Kansas City, Marekani, Aprili 2023, kijana wa miaka 16 aliyetumwa kuwachukua wadogo zake alikosea nyumba, akabonyeza kengele. Mzee wa ndani alimpiga risasi kichwani kupitia mlango wa kioo. Kijana alipona. Mzee aliwaambia polisi kwamba alikuwa ameogopa sana.

Mwenye bunduki ambaye hayuko tayari kuiacha, aitoe risasi, aifungie, na risasi azifungie mahali pengine. Na ikiwa ndani ya nyumba yumo mtu aliyezama kwenye huzuni, bunduki itolewe humo leo.