SIDS ni nchi gani, na kwanini visiwa vidogo haviendi popote peke yake

Ukifuatilia mikutano ya tabianchi lazima ushakutana na hili jina SIDS, linatajwa tu kama vile kila mtu analijua. Ni kundi la nchi za visiwa vidogo zinazoendelea, Umoja wa Mataifa unazihesabu 39, zimetawanyika Karibi, Pasifiki, na kuna kundi la tatu ambalo ni la kuokoteza okoteza, linaanzia Atlantiki linapita Bahari ya Hindi mpaka Bahari ya China Kusini, humo ndo utawakuta Komoro, Ushelisheli, Morisi, Maldivi, Cape Verde, Sao Tome na hata Singapore. Ndio, Singapore na utajiri wake wote imo. Na Guyana imo, Suriname imo, Belize imo, Guinea-Bissau imo, na hizo sio visiwa kabisa, ni nchi za bara zenye pwani iliyolala chini na matatizo yanayofanana na ya visiwa. Madagaska ambayo ni kisiwa cha kweli haimo, ni kubwa mno. Na wanaouliza mbona Zanzibar haimo, orodha ni ya nchi, na Zanzibar ni sehemu ya Tanzania.

Kwahiyo kinachowaunganisha sio maji kuwazunguka tu. Ni udogo, umbali, na kule kukaa mahali ambapo pigo moja linaweza kulaza nchi nzima siku hiyo hiyo. Hili lilikubaliwa rasmi kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira Rio mwaka 1992, kwamba hizi nchi zina kesi yao tofauti, alafu toka hapo kila baada ya miaka kama kumi hivi wanakutana kuandika mpango: Barbados 1994, Morisi 2005, Samoa 2014, na wa mwisho Antigua na Barbuda mwaka 2024 ambao unakwenda miaka kumi mbele. Ukiisoma hiyo mipango vipaumbele vinajirudia sana, tabianchi, bahari, madeni, umeme usiotegemea mafuta ya kuagiza, chakula ambacho kingi kinakuja na meli, maji safi, usafiri. Kujirudia kwenyewe kunakuonyesha jinsi yaliyoandikwa 1994 yalivyokuwa bado hayajafanyika.

Sasa kipaumbele ambacho watu wa nje huwa hawakielewi haraka ni hela, na hasa namna nchi inavyopimwa kama ni masikini au tajiri. Benki ya Dunia inaangalia pato la kila mtu kwa wastani. Barbados, Ushelisheli, Antigua na Barbuda, wote kwa kipimo hicho ni nchi za kipato cha juu, na ukishakuwa kwenye daraja hilo mikopo ya riba nafuu na misaada mingi inakupita, unaambiwa kakope sokoni kama wenzako matajiri. Ni sawa, mpaka kimbunga kije. Dominica mwaka 2017 ilipigwa na kimbunga Maria, usiku mmoja tu, na hasara ilipohesabiwa ikakuta ni asilimia 226 ya pato la taifa, yaani zaidi ya kila kitu ambacho nchi nzima inazalisha kwa miaka miwili. Grenada nayo mwaka 2004 kimbunga Ivan kiliondoka na kama mara mbili ya pato lao. Nchi kubwa ikipigwa kimbunga mkoa mmoja unaumia na mikoa mingine inachangia, kwenye kisiwa hakuna mkoa mwingine wa kuchangia, hilo ndo lote.

Ndio maana walipigania kwa miaka kipimo kingine kinachoangalia udhaifu wa nchi badala ya pato peke yake, na Agosti 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakipitisha. Kwa maoni yangu ni ushindi nusu, maana kipimo kipo lakini benki hazilazimishwi kukitumia, na kipimo ambacho mkopeshaji hakitumii hakibadilishi riba ya mtu.

Lililofanya kazi zaidi ni vitu vidogo vya kiufundi ambavyo havivutii waandishi wa habari. Grenada kwa mfano, mwaka 2015 wakati wanapanga upya madeni yao waliweka kifungu kwamba kikipiga kimbunga cha kiwango fulani malipo ya deni yanasimama kwa muda. Watu hawakukisikia hicho kifungu mpaka Julai 2024 kimbunga Beryl kilipoharibu kisiwa chao cha Carriacou, wakakitumia, na hela ambayo ingeenda kwa wadai ikabaki nyumbani.

Haya tuje kwenye ushirikiano, maana hapa ndo naona pana mambo ya kujifunza na watu wengi wanapapita wakidhani ni habari za marais kupiga picha wamevaa maua shingoni.

Chukua jodari wa Pasifiki. Kiribati ina ardhi ya kama kilomita za mraba 811 tu, ila bahari yake ni kama milioni tatu na nusu, kwa sababu sheria inaipa kila nchi maili 200 za baharini kuzunguka ardhi yake na visiwa vyao vimetapanyika. Humo jodari wamejaa. Zamani meli kubwa za nje zilikuwa zinaenda kwa nchi moja moja, zikikataliwa bei hapa zinahamia kwa jirani, na kila nchi ilikuwa inaogopa kupandisha bei isije ikakosa kabisa. Nchi nane, Kiribati, Nauru, Tuvalu, Palau, Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Marshall, Visiwa vya Solomon na Mikronesia, zilikuwa tayari zimeungana kwenye makubaliano ya uvuvi ya Nauru yaliyosainiwa 1982, lakini mambo yalibadilika kweli walipoanza kuuza siku mwaka 2007.

Ni hivi, hawauzi samaki wala leseni ya mwaka, wanauza siku ya meli kuwa majini. Wanakubaliana mwaka huu jumla ni siku ngapi, kama 45,000 hivi kwa meli za nyavu za kuzungusha, wanagawana, kila nchi inauza zake, na hakuna anayeruhusiwa kwenda chini ya bei ya chini waliyopatana, ambayo ilifika dola 8,000 kwa siku. Meli inafuatiliwa kwa satelaiti hivyo huwezi kudanganya ulikuwa wapi. Na meli haihesabiwi sawa, ile ndefu kupita mita 80 siku yake moja inakatwa kama siku moja na nusu, ile fupi chini ya mita 50 inakatwa nusu siku, maana kubwa inazoa zaidi. Mapato ya hizi nchi yakapanda kutoka kama dola milioni 60 mwaka 2010 mpaka kuelekea milioni 500 kwa mwaka. Samaki ni wale wale, bahari ile ile, kilichobadilika ni kwamba mnunuzi hana tena pa kukimbilia.

Alafu kuna jambo nalipenda sana hapo. Jodari hakai, anafuata maji ya joto. Mwaka wa El Niño anasogea mashariki upande wa Kiribati, La Niña ambayo ni kinyume chake ikija anarudi magharibi upande wa Papua Guinea Mpya. Kama kila mtu angekuwa kivyake mwaka mmoja unashiba mwaka mwingine unalala njaa, ila kwa kuwa siku zinaweza kuhamishwa baina yao, aliyekosa samaki mwaka huu anauza siku zake kwa upande ambako samaki wamekwenda. Ni bima bila kuiita bima.

Bima yenyewe halisi wanayo Karibi, inaitwa CCRIF, ilianza 2007 na ndo ilikuwa mfuko wa kwanza duniani wa nchi nyingi kuchangia bima ya majanga kwa pamoja. Haiji kukagua paa la nani limeng'oka, inaangalia upepo ulikuwa na kasi gani, tetemeko lilikuwa na nguvu kiasi gani, hesabu ikifika kiwango mlichokubaliana inalipa, na lengo ni ndani ya siku 14. Haiti baada ya tetemeko la 2010 walipata kama dola milioni 8 ndani ya muda huo. Tusidanganyane lakini, ni ndogo. Dominica baada ya Maria walilipwa kama milioni 19 wakati hasara ilikuwa kama bilioni 1.3, kwahiyo hiyo ni hela ya kulipa mishahara na kufungua barabara wiki za mwanzo, sio ya kujenga nchi. Na vipimo visipofika kiwango hupati kitu hata kama umelowa mpaka shingoni.

Mengine yapo mengi ntayataja haraka tu: nchi kadhaa za Karibi mashariki zina sarafu moja na benki kuu moja, na sarafu hiyo imefungwa kwa dola ya Marekani kwa 2.70 tangu 1976, chuo kikuu cha Pasifiki Kusini kinamilikiwa na nchi 12, na huku kwetu Bahari ya Hindi kuna Kamisheni yenye Komoro, Madagaska, Morisi, Ushelisheli na Ufaransa. Ufaransa imo kwa sababu ya kisiwa chake cha Réunion, na hapo hapo Komoro na Ufaransa wanagombania kisiwa cha Mayotte, kwahiyo unaweza kufikiria vikao vinavyokuwa. Pasifiki nao hawajawahi kuwa malaika, mwaka 2021 nchi tano za ukanda wa Mikronesia zilitangaza kujitoa kwenye Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki kwa sababu zamu yao ya kutoa katibu mkuu ilirukwa, ikabidi waketi Suva, Fiji, 2022 wayamalize, na Kiribati bado wakatoka kabla ya kurudi 2023.

Ila kwenye meza ya dunia wanasimama pamoja kupitia umoja wao wa AOSIS, waliouanzisha 1990. Mwaka 1991 Vanuatu kwa niaba ya umoja huo ilipendekeza ufanywe mfuko wa kuwafidia wanaopoteza ardhi kwa bahari kupanda, wakachekwa kistaarabu, na mfuko wa namna hiyo, unaoitwa wa hasara na uharibifu, ukaja kukubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi Misri 2022. Miaka 31.

Swali ambalo sasa liko mezani, na kwa maoni yangu ni zito kuliko yote, ni la mipaka. Kama maili 200 zinapimwa kutoka ufukweni, na ufukwe unaliwa, je bahari ya Tuvalu inapungua? Maana ikipungua na zile siku za jodari zinapungua. Viongozi wa Pasifiki walitangaza mwaka 2021 kwamba mipaka ikishachorwa na kuwasilishwa haitasogezwa hata bahari ikipanda, na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwenye maoni ambayo safari yake ilianzishwa na wanafunzi wa sheria wa Pasifiki na kubebwa na Vanuatu, ikasema nchi hazilazimiki kuchora upya ramani zake kwa sababu ya maji kupanda. Ni maoni tu, hayafungi mtu, ila tayari wanayatumia.