Je, wajua kwa nini seva isiyo na skrini inaweza kukufungulia dirisha?

Seva nyingi za Linux hazina skrini wala kipanya, na eneokazi halijasakinishwa kabisa. Unaingia kwa SSH, yaani njia salama ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa maandishi, unaandika amri, basi. Lakini ingia kwa `ssh -X jina@seva`, kisha andika `xclock`: saa ya mishale inatokea kwenye kompyuta iliyo mbele yako. Programu inaendeshwa kule, dirisha liko hapa. Inawezekanaje?

Jibu linaanzia mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, ambako Bob Scheifler na Jim Gettys waliunda mfumo wa madirisha wa X. Tangu mwanzo kazi iligawanywa: programu hufikiri, mwenye skrini huchora. Programu haiigusi skrini, inatuma maombi tu: nifungulie dirisha la ukubwa huu, chora mstari hapa, andika neno hili. Mwenye skrini naye huirudishia habari za kibodi na kipanya. Toleo la 11 lilitoka 1987, na hilo ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Ndiyo maana seva haihitaji hata kadi ya michoro. Inatosha iwe na programu yenyewe, maktaba zake, na kifurushi kidogo cha xauth, kinachotunza ufunguo wa ruhusa ya kutumia skrini, ambacho husahaulika mno. Mchoraji ni kompyuta yako. Kama ni ya Windows, weka programu ya kuchora madirisha ya X iitwayo VcXsrv. Kama ni Mac, XQuartz.

Ukiwa ndani ya seva, andika `echo $DISPLAY`. Utaona `localhost:10.0`. Programu inaamini skrini iko palepale, kumbe hiyo ni skrini ya bandia iliyowekwa na SSH. Inasikiliza kwenye poti 6010, yaani 6000 kujumlisha 10, inapokea kila ombi na kulisafirisha kwa usimbaji fiche hadi kwako. Usipoona kitu, kagua kama `/etc/ssh/sshd_config` ina `X11Forwarding yes`, na kama xauth ipo.

Udhaifu wake ni maswali mengi. Programu huuliza, husubiri jibu, huuliza tena. Ukiwa Dar es Salaam na seva iko Frankfurt, kila swali na jibu lake huchukua zaidi ya milisekunde 100, na menyu moja inaweza kuwa na maswali kadhaa. Kununua kifurushi kikubwa cha intaneti hakusaidii sana, maana kinachochelewesha ni umbali. Tena laini ikikatika, programu inakufa na kazi uliyokuwa hujaihifadhi.

Kwa kazi ya masaa mengi, mimi ningechagua Xpra: programu inabaki hai kwenye seva, na unaweza kuirudia kesho. VNC hutuma picha ya eneokazi zima. Na pale ambapo hakuna mtu wa kutazama, kwa mfano majaribio ya kivinjari yanayojiendesha usiku, `xvfb-run` huchora kwenye kumbukumbu tu.

Jambo moja lisipuuzwe: ukitumia `-Y` badala ya `-X`, programu iliyo kwenye seva inaweza kusoma unachobonyeza hata kwenye madirisha mengine ya X, nywila zikiwemo. Kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, `-X` nayo imeachwa wazi vivyo hivyo, usipobadilisha mpangilio wa `ForwardX11Trusted` kwenye kompyuta yako uwe `no`.