Feni kunguruma baada ya kubadili diski ya iMac

Kuanzia Kirumba hadi Igoma, jijini Mwanza, wapo wanaoamini kwamba iMac (kompyuta ya mezani ya Apple) ya inchi 27 ya 2011 ikinguruma feni baada ya kuwekewa diski mpya, basi diski hiyo ni mbovu. Si kweli, na diski isiyo na kasoro hurudishwa dukani pasipo sababu.

Diski ya asili hupeleka taarifa za joto lake kwenye bodi (ubao mkuu wa saketi) kupitia kebo ya umeme yenye pini 7. Diski ya kawaida haifanyi hivyo. Mashine isiposoma joto, hukimbiza feni ili ijilinde. Dawa ni kebo yenye kihisi joto kinachobandikwa juu ya diski. Programu ya kudhibiti feni nayo husaidia, ila hufanya kazi mfumo ukishawaka tu.

Ili kuweka kebo hiyo, chomoa umeme, vuta kioo kwa vikombe vya kunyonya (kimeshikwa na sumaku), fungua skrubu 8 za T10 (zenye tundu la umbo la nyota), kisha inua skrini taratibu mno: nyaya zake ni fupi, na soketi huweza kung'oka kwenye bodi. Usiguse pawasaplai, hubaki na chaji. SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5 inahitaji fremu ya kuiwezesha kukaa kwenye nafasi ya inchi 3.5.

Kwa iMac za kuanzia mwishoni mwa 2012 skrini imegundishwa. Nunua utepe mpya wa gundi kabla ya kufungua.