Kisiki cha Uani: Kwanza Jua Kama Kiko Hai

Masika yakishapita, wengi wanaonipigia simu ni watu waliokata mti mwaka jana na sasa wanaona kichaka. Mti mmoja umegeuka machipukizi ishirini. Mara nyingi ni mwarobaini, mjohoro, mlusina au mkaratusi. Mwenye nyumba ananihakikishia kwamba mti ulikatwa mpaka chini kabisa, na ni kweli, shina lilikatwa. Mizizi haikuguswa, na akiba ya wanga iliyomo inatosha kuchipua tena na tena.

Kazi yangu ni kukata miti na kung'oa visiki kwenye viwanja vya watu hapa Dar es Salaam. Kabla sijataja bei nauliza kisiki ni cha mti gani, kisha nakwangua gome kwa ncha ya panga, karibu na udongo. Nikikuta ubichi na majimaji, kiko hai. Nikikuta unga mkavu na gome linalobanduka lenyewe, kimekufa, na hapo mchwa na ukungu wamekwisha kuanza kazi.

Mnazi una hesabu yake. Hukua kwa kilele kimoja tu, kwa hiyo ukishakatwa hauchipui kamwe. Tatizo lake ni chonga. Mbawakawa hao hutaga mayai kwenye mashina ya minazi yanayooza, na wakishakomaa huruka kwenda kutoboa vilele vya minazi iliyosimama. Kama wewe au jirani yako mna minazi mingine, usiache kisiki hicho kioze uani. Bahati nzuri mnazi hauna mzizi mkuu. Una mizizi mingi yenye unene wa kidole, na kwa shoka kali inakatika bila shida kubwa.

Kama mti wako bado umesimama na unataka utoke wote, nisikilize hapa: usikubali mkataji aushushe mpaka usawa wa ardhi. Mwambie aache shina la mita moja na nusu hivi. Shina hilo ndilo utakalofungia kamba na kulitikisa huku na huku mpaka mizizi ya chini ilegee. Kisiki kilichokatwa chini sana hakina pa kushika, na kazi ya siku moja inakuwa ya siku tatu. Nimeshalipwa fedha nyingi ambazo mteja asingezitoa kama angejua hili mapema, na inaniuma.

Kuchimba kwenyewe ni hivi. Subiri udongo uwe na unyevu bila kuwa tope. Siku chache baada ya mvua kubwa ni wakati mzuri. Chimba mtaro kuzunguka kisiki, nusu mita mpaka mita moja kutoka kwenye shina kulingana na unene wake. Mizizi mingi ya pembeni utaikuta ndani ya sentimita 60 za juu. Kila mzizi ukate mara mbili, karibu na kisiki na kwenye ukuta wa mtaro, kisha kipande ukitoe, maana bila nafasi shoka halizunguki. Mwagia mizizi maji kwanza, uoshe mchanga, la sivyo makali yataisha asubuhi hiyo hiyo. Kisha mtaimbo uingie chini. Mwembe mkubwa ninautoa kwa winchi ya mkono, na sifungi kamba kwenye nguzo ya geti wala ukuta wa mtu. Kamba ikishakaza, hakuna anayeruhusiwa kusimama kwenye mstari wake.

Mwaka wangu wa kwanza nilipasua bomba la maji lililopita chini ya mzizi. Familia ile yenye mtoto mchanga ilikaa siku mbili bila maji. Tangu hapo sigusi jembe kabla mwenye nyumba hajanionyesha bomba, waya wa umeme wa ardhini na karo.

Kisiki kilicho hai kikiwa mahali usipoweza kuchimba, kando ya msingi kwa mfano, kinyime chakula. Vunja kila chipukizi likiwa changa, kila baada ya wiki mbili au tatu, bila kuruka. Majani yakipanuka tu, mizizi inajaziwa akiba upya na umerudi mwanzo. Wapo wanaotumia dawa ya magugu yenye glaifoseti. Inafanya kazi ikipakwa ndani ya dakika chache baada ya kukata, kwenye ule mduara mbichi ulio chini ya gome, si katikati ya kisiki ambako mti ni mkavu. Soma maelekezo ya kopo na vaa glavu. Jihadhari pia kama kuna mti wa aina hiyo hiyo jirani, kwani mizizi yao huweza kuwa imeungana chini na dawa ikavuka.

Chumvi, oili chafu na tairi la kuchoma nayakataa kabisa. Chumvi inaharibu udongo utakaotaka kupanda kesho. Oili inashuka kuelekea kisima. Moto nao hutambaa ndani ya mzizi mkavu, ukafuka chini kwa chini kwa siku kadhaa na kutokea mahali usipopategemea, penye watoto wanaocheza peku.

Na tafadhali, usimwage zege juu ya kisiki. Kitaoza, kitaacha uwazi, na sakafu itapasuka. Vilevile mchwa walioshiba kisiki kilichogusana na nyumba hupanda mpaka kwenye fremu za milango na mbao za paa.

Shimo lijaze kwa matabaka ya sentimita 20 hivi, kila tabaka ulimwagie maji na kulishindilia, na juu uache kichuguu kidogo kwa sababu udongo utashuka. Usilijaze vumbi la mbao na vipande vya mizizi. Vijidudu vinavyoviozesha hunyang'anya udongo naitrojeni, na mchicha utakaopanda hapo utatoka wa njano. Kama unataka mti mwingine, sogea hatua tatu pembeni, kwenye udongo ambao haukuchimbwa.