Kilo ya mchele hainunui moyo

Kwenye mabaraza ya Wete na Mji Mkongwe utasikia wakisema: maafa yakiingia, mwenye njaa humfuata yeyote anayempa mchele, na hivyo ndivyo makundi yenye msimamo mkali yanavyoota mizizi. Si hivyo, na kauli hii inawaonea waliofikwa na msiba.

Tazama Aceh, Indonesia. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua watu zaidi ya 160,000 huko. Wanaharakati wa FPI, kundi lenye msimamo mkali, walitoka Java wakaokota maiti kwa mikono yao. Wenyeji waliwashukuru, lakini hawakuwafuata. Agosti 2005 waasi wa GAM, waliokuwa wakipigania uhuru wa Aceh, na serikali wakatia saini amani mjini Helsinki.

Pakistan, baada ya tetemeko la Oktoba 2005, Jamaat-ud-Dawa, kundi jingine lenye msimamo mkali, walijijengea jina, maana walifika mapema na walikuwa na zahanati na mahema. Palikuwa na pengo la msaada, wakaliziba.

Pengo ndilo la kuangaliwa. Usiku ule wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowatoa watu majini, watu wameng'ang'ania magodoro. Aliyeokolewa hakuulizwa dhehebu wala chama. Kwa hiyo mvua za masika zikibomoa nyumba, nami nauliza: sheha, kiongozi wa serikali mtaani, ana orodha ya waathirika? Msaada umefika wiki ya kwanza, na wiki ya kumi bado kuna anayebisha hodi?