Kiwewe cha Ubakaji: Maana Yake na Sababu za Kudumu Kwake

Kiwewe cha ubakaji ni jumla ya mabadiliko ya mwili, akili na mwenendo yanayompata mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono, ambayo aghalabu huendelea muda mrefu baada ya majeraha yanayoonekana kupona. Si udhaifu wa tabia wala ukosefu wa imani. Ni ubongo unaoendelea kujihami dhidi ya hatari iliyokwisha kupita, na ndiyo maana hakiondoki kwa manusura kuambiwa asahau, au amshukuru Mungu kwamba yu hai.

Dhana hii ilielezwa kitabibu mwaka 1974, pale Ann Burgess, muuguzi, na Lynda Holmstrom, mwanasosholojia, walipochapisha matokeo ya mahojiano yao na wanawake waliofikishwa hospitalini mjini Boston, Marekani, baada ya kubakwa. Waliona kwamba siku za mwanzo huwa za mvurugiko, na kwamba hufuatwa na kipindi kirefu ambacho mwanamke hujaribu kuyapanga upya maisha yake: huhama nyumba, hubadili namba ya simu, huogopa kukaa peke yake au kuwa katikati ya watu, na huandamwa na ndoto za kutisha. Lakini lililo zito zaidi katika kazi yao, kwa maoni yangu, ni hili: katika saa za mwanzo, baadhi ya wanawake walilia na kutetemeka, ilhali karibu idadi ileile walikuwa watulivu, uso mkavu, wakijibu maswali kama watu wasiopatwa na jambo. Utulivu huo nao ulikuwa kiwewe. Hata leo, askari wa zamu au mzee wa ukoo akimwona binti amekaa kimya bila machozi, huwa mwepesi wa kuamua kwamba hapakutokea kitu.

Haliko mbali na hilo swali tulilolizoea: mbona hakupiga kelele? Mwili uliozidiwa na hofu na kuona hauna pa kukimbilia huweza kuganda, sauti ikakauka na viungo vikakataa kutii, bila mwenyewe kuamua lolote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya Stockholm, Uswidi, baada ya kubakwa, asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa, na waliopatwa na hali hiyo ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya sonona na ya ugonjwa wa msongo utokanao na kiwewe miezi sita baadaye. Kwa hiyo anayelaumiwa kwa kutojitetea huenda ndiye aliyeumia zaidi. Kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zimelizingatia jambo hili, kwani zinakataza ridhaa kudhaniwa kutokana na ukimya au kutopambana kwa mwathirika.

Kumbukumbu nayo huathirika. Manusura anaweza kukumbuka harufu au rangi ya shati kwa uwazi unaotisha, huku akishindwa kueleza nini kilitangulia nini. Sheria ya ushahidi ya Tanzania inaruhusu mshtakiwa wa kosa la kingono kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika pekee, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Ni kinga nzuri, ila hakimu asiyejua kiwewe atauchukua mkanganyiko huo kuwa uongo.

Miaka inapopita, kiwewe hujificha ndani ya malalamiko mengine. Mwanamke huenda zahanati mara kwa mara kwa maumivu ya tumbo la chini, kukosa usingizi au kichwa kisichopona, wala hakuna anayemuuliza zaidi. Uchunguzi wa uzazi na leba huweza kuirudisha hofu yote ya zamani, na mkunga asiyejua humkaripia kwa kukaza miguu.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuliona jambo lote kuwa la ubongo tu. Kiwewe hudumu pia kwa sababu ya yanayotendeka baadaye. Familia zikimalizana nyumbani kwa fidia ya mifugo, au kwa maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, kama inavyofanyika kaskazini mwa Kenya, mbakaji hubaki jirani, na manusura hukutana naye kisimani. Hapo tahadhari ya mwili wake ina sababu kamili. Kusubiri haki nako huumiza. Wakenya waliobakwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walifungua shauri dhidi ya serikali mwaka 2013, na Mahakama Kuu ikatoa hukumu Desemba 2020, ikiwapa wanne kati ya wadai fidia ya shilingi milioni nne kila mmoja.

Matibabu yapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba zinywewe ndani ya siku tano. Lakini kiwewe chenyewe hakina tarehe ya mwisho ya kutibiwa. Mashariki mwa Kongo, watafiti walilinganisha vijiji ambako manusura walipata tiba ya mazungumzo katika vikundi na vile ambako kila mmoja alipata msaada wa kawaida wa ushauri. Wasaidizi walioongoza vikundi hivyo walikuwa wanawake wenyeji wenye elimu ya sekondari tu, na mafunzo yalirahisishwa ili manusura wasiojua kusoma wayashike kwa moyo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba miezi sita baada ya tiba, takriban asilimia 9 ya waliokuwa vikundini bado walikuwa na dalili za kiwango cha ugonjwa wa sonona au wasiwasi, ikilinganishwa na asilimia 42 ya wenzao, ingawa vita vilikuwa havijaisha katika eneo hilo.