Thomas Camoys na mjane wa Hotspur: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ushindi wa Agincourt, pigano la Waingereza dhidi ya Wafaransa huko Ufaransa, ni wa Mfalme Henry V wa Uingereza na wapiga mishale wake, basi.

Ukweli: Jeshi la Uingereza, tarehe 25 Oktoba 1415, lilipangwa mafungu matatu. Mfalme alikaa katikati. Kulia alikuwa Edward wa York, aliyeuawa siku hiyohiyo. Kushoto aliongoza Thomas Camoys, baroni kutoka Sussex, mzee wa vita aliyekuwa akiitwa bungeni tangu 1383, wakati mfalme huyo hajazaliwa. Shakespeare hakumpa hata sentensi moja katika tamthilia yake ya Henry V.

Dhana: Mke wa Hotspur, yaani Henry Percy, mkabaila wa kaskazini mwa Uingereza, aliitwa Kate, na habari zake ziliisha mumewe alipokufa.

Ukweli: Kate ni wa jukwaani, katika tamthilia ya Shakespeare. Mwenyewe aliitwa Elizabeth Mortimer, kitukuu wa Mfalme Edward III. Hotspur alimwasi Mfalme Henry IV, baba yake Henry V, akauawa vitani Shrewsbury tarehe 21 Julai 1403, na kichwa chake kikatundikwa York. Mjane akaolewa na Camoys, mtu wa upande wa mfalme. Hapo ndipo mambo yanaponoga. Majira ya joto ya 1415 ilifichuliwa njama huko Southampton ya kumng'oa Henry V na kumtawaza Edmund Mortimer, mtoto wa kaka yake Elizabeth. Edmund mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mfalme. Wahusika wakuu wakakatwa vichwa mwezi Agosti, na kabla ya miezi mitatu kwisha, Camoys, mume wa shangazi yake Edmund, akakabidhiwa ubavu mzima wa jeshi. Kwangu mimi, hilo linaonyesha alivyoaminiwa kuliko sifa yoyote ya upanga.

Dhana: Kaburi lao linathibitisha ndoa ya mapenzi, na kwamba Camoys alikufa 1419.

Ukweli: Bamba la shaba katika kanisa la Trotton, Sussex, linawaonyesha wameshikana mikono kweli. Lakini makaburi mengine ya enzi hiyo yana mkao uleule. Huenda walipendana, ila shaba si shahidi. Na huo mwaka uliochongwa una kosa: Camoys alifariki 1421.

Dhana: Mwana wa Camoys alirithi cheo chake cha baroni.

Ukweli: Mwanawe Richard alitangulia kufa. Aliyerithi ni mjukuu, Hugh, akafa 1426 angali mdogo, akiacha dada wawili. Kwa kuwa dada hao walikuwa na haki sawa, cheo kikakaa bila mwenyewe hadi 1839.